Lila Chini ya Nyeusi

Pembeni ya soko letu hapa Butembo kuna mafundi wanaochovya suruali za mitumba rangi. Wameweka mapipa matatu juu ya moto wa kuni, wanakoroga kwa mti mrefu, na moshi wao una harufu ya chumvi, ya siki, na ya kitu kingine kinachouma puani ambacho sina jina lake. Watu wanapita wakiziba pua. Mimi nasimama. Mume wangu alishazoea. Akiniona nimeganda pale na kikapu changu, ananiacha, anaenda kununua betri za redio, kisha anarudi kunichukua kama anavyomchukua mtoto shuleni. Hajawahi kuniuliza ninanusa nini. Nitawaambia ninyi, maana yeye nikimwambia atanihurumia, na huruma ya mume inachosha haraka.

Ninanusa sufuria ya mama yangu, mwaka nilipokuwa na miaka minane.

Lakini nianze na baba, kwa sababu rangi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya baba. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano, mtu mrefu mwenye koti moja la kijivu lililojaa vumbi la chaki hadi mifukoni. Kwao ni Kipese, kule juu milimani ambako ukungu unaingia nyumbani bila hodi. Alipenda Kifaransa kama wengine wanavyopenda pombe: kila siku kidogo, na siku za sikukuu kupita kiasi. Katika kitabu chake cha imla kulikuwa na sentensi moja iliyomsumbua maisha yake yote. Ilisema kwamba malila yalikuwa yamechanua mbele ya dirisha la bibi mmoja. Kila mwaka watoto walimwuliza, "Mwalimu, lila njo nini?" Na kila mwaka baba yangu, aliyejua mito yote ya Ufaransa na mahali inapomwaga maji yake, alilazimika kujibu kwamba hajawahi kuiona.

Alitafuta. Kamusi yake, iliyokuwa imepoteza jalada na herufi yote ya Z, ilimwambia kwamba ni mti mdogo wa nchi za baridi, wenye maua ya vishada yanayonukia, na kwamba rangi ya maua hayo ndiyo ilichukua jina la mti. Ilimwambia pia kwamba neno lenyewe lilitembea sana. Wafaransa walilipata kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi, na kule kwa Waajemi lilianzia kwenye nili, ile buluu ya kuchovya nguo. Alinisomea hayo nikiwa nimekaa magotini pake, akacheka peke yake. "Ona, Masika," akasema. "Mbele ya kuwa maua, ilikuwa rangi ya nguo." Mimi nilikuwa nangoja tu anipe kipande cha chaki.

Padri mmoja mzee wa Kizungu akamwambia kwamba ule mti wa nyuma ya kanisa, wenye vitunda vya njano ambavyo hata mbuzi anavikwepa, nao unaitwa lila, lila ya Uajemi. Baba akapeleka darasa zima kuutazama. Ulikuwa umechanua, maua madogo yenye rangi ya zambarau iliyomwagiwa maziwa mengi, na kila mtoto alipewa moja la kunusa. Baba alirudi nyumbani hana furaha. "Yule ni cousin," alimwambia mama. "Mimi natafuta mwenyewe."

Mwenyewe alimpata Kipese. Tulipanda kwa babu wakati wa likizo, na viazi vilikuwa vimechanua mlima mzima. Ni maua ambayo wanawake wa kule wanayavunja na kuyatupa, kwa sababu wanasema yanakula nguvu ya kiazi. Baba alisimama katikati ya shamba, suruali imelowa umande, ameshika ua moja mbele ya macho yake. "Njo hii," akasema. "Njo rangi yenyewe. Bazungu banaandika yao mu bitabu, na sisi yetu tunaitupa chini." Dada yake, Tantine Kahambu, aliyekuwa anavunja maua hayo kwa vidole vyepesi, hata hakuinua kichwa. "Mwalimu," akamwambia, "rangi haiingiaka mu sufuria." Wote wakacheka, na baba akacheka kuliko wote.

Mwaka uleule alimletea mama kitambaa cha rangi hiyo. Alikuwa amemwagiza mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka mpaka upande wa Kamango, na yule bwana alirudi mara mbili na rangi isiyo yenyewe kabla ya kupatia. Kilikuwa kitambaa kitupu, hakina ua, hakina ndege. Mama, aliyependa vitenge vyenye mambo mengi, akakigeuza huku na huku akitafuta mchoro. "Haina hata dessin?" Baba akamjibu, "Dessin ni weye." Ehe! Hiyo maneno mama aliibeba mtaa mzima. Hata mwuza mkaa aliisikia. Alishona blauzi na kitambaa cha kujifunga, akawa anavaa kila Jumapili, na majirani wakamwita Mama Masika wa lila.

Baba alikufa msimu wa mvua. Kichwa kilimwuma Jumatatu akiwa darasani, na Alhamisi tulikuwa tunarudi kutoka makaburini tukiwa na tope hadi magotini. Ni yote ninayoweza kuwaambia kuhusu kifo chake, kwa sababu ni yote niliyoambiwa. Mama alibaki na mimi peke yangu. Wadogo zangu wawili walikuwa wametangulia, mmoja nyuma ya mwingine, hata hawajajifunza kutembea. Kwenye kilio Tantine Kahambu alinishika kidevu, akaniangalia muda mrefu, akawaambia wanawake waliokaa naye, "Huyu mutoto eko na macho makali." Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Nilidhani ananisifu, nikayafungua macho hayo zaidi ili wote wayaone.

Katika familia ya baba, mjane anavaa nyeusi mwaka mzima, na hajivui mwenyewe. Mwaka ukitimia, familia ya mume ndiyo inakuja: inaombea misa, inapika, inamvua nyeusi, inampa nguo nyingine mbele ya watu. Akijivua mwenyewe mapema, ni kama amesimama juu ya kaburi na kusema alikuwa anangoja. Mambo hayo hata sisi watoto tuliyajua, kama tulivyojua kwamba usiruke mtu aliyelala.

Mama hakuwa na nguo nyeusi. Vitenge vyake vyote vilikuwa na michoro, na mchoro haukubali kufa. Ukiuchovya mara tatu, ndege bado anachungulia. Kitambaa kilichoweza kuchukua rangi kilikuwa kimoja. Siku ya nne baada ya maziko aliweka sufuria kubwa nje, akamimina unga mweusi wa dukani, chumvi na siki kidogo, akaizamisha ile lila kwa mti wa kukorogea ugali. Nilisimama kando yake. Moshi ulimpa sababu ya kulia mbele yangu, na mimi ulinipa sababu ya kutomwuliza kitu. Kila mara kitambaa kilipopanda juu kilikuwa kimepoteza kipande kingine. Kilipokauka kwenye kamba nilikitafuta kila upande, ndani ya mshono, chini ya kola. Lila haikuwepo tena.

Miezi saba ikapita. Siku moja ya Jumatano mama aliondoka asubuhi kwenda shambani, akiwa amejifunga matambara yake ya kulimia, akaniachia nyumba. Ile nyeusi aliikunja juu ya kitanda. Nilipaka mkate mafuta ya mawese, kwa sababu nilikuwa na miaka minane na mama hayupo, nikaenda kula juu ya kitanda chake, kwa sababu hiyohiyo. Tone moja likaanguka juu ya kitambaa. Nikalifuta kwa kidole, likawa matone matatu.

Basi nikafua. Nilikuwa nimeona wanavyofanya kwa mafuta: maji ya moto, sabuni ya kipande, kusugua, tena maji ya moto. Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi. Jamani, nilifurahi! Nilidhani ni uchafu. Nilijiambia, ona mama alivyokuwa anavaa uchafu huu wote juu ya mwili, na mimi ndiye ninayemwondolea. Nikamwaga, nikaweka mengine. Meusi tena. Nikasugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, na kadiri maji yalivyokuwa meusi ndivyo nilivyojiona mtoto mwema.

Kisha nikageuza upindo wa blauzi, na ile lila ikaniangalia.

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Mbele ya Mungu naweza kusema kwamba hadi upindo ule ilikuwa bahati mbaya, na kuanzia upindo ule ilikuwa mimi. Nilijua maana ya nyeusi. Nilijua mwaka haujaisha. Lakini rangi ya baba ilikuwa inarudi mikononi mwangu, kidogo kidogo, kutoka mahali nilipodhani imekwisha kabisa. Sikuamini kwamba baba mwenyewe atarudi. Sikuwa mjinga. Ila sikuamini vizuri pia kwamba hatarudi, na wakati ule mambo mawili hayo yalikuwa yanakaa pamoja ndani yangu bila kugombana. Nikachemsha maji mengine. Nikafua mpaka jua likawa juu ya kichwa, nikaitandaza nguo juu ya majani ili jua liyafifishe yale mabaki ya nyeusi, na nikakaa kando yake kuilinda. Haikurudi safi kabisa. Ilibaki na kivuli, kama macho ya mtu aliyelia sana. Lakini ilikuwa lila, na mtu yeyote angeiona hivyo.

Mama alirudi saa tisa na kikapu cha maharagwe kichwani. Alipoiona pale chini hakupiga kelele. Alitua kikapu, akapiga magoti juu ya majani, akaishika nguo kwa mikono yenye udongo, akaweka uso wake ndani. Kisha akauliza neno moja tu: "Nani alikuona?"

"Hakuna mutu."

"Hata ng'ambo ya lupango, kwa majirani?"

"Hata, Mama."

Akaikunja, akaiweka chini kabisa ndani ya sanduku, akaenda kuazima kitenge cheusi kwa jirani mmoja mjane aliyemaliza mwaka wake. Nilingoja fimbo hadi tukalala, na fimbo haikuja. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema tu alipokuwa anazima taa, na sikujua kama alikuwa anasema nami.

Jumamosi ya wiki iliyofuata familia ya baba ilikuja. Walikuwa watatu: baba mukubwa, yaani kaka yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa kichwa cha familia, Tantine Kahambu, na mzee mmoja wa ukoo aliyetembea na rozari shingoni. Hawakuwa wametuambia kwamba watakuja, ndivyo nilivyodhani. Waliketi sebuleni, wakakataa chai, na watu wa kwetu wakikataa chai ujue kuna neno. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia ya vikombe. Mama alikuwa chumbani. Kile kitenge cha kuazima kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari nje ya chumba chake, kikavu, kimepigwa pasi.

Mama akatoka amevaa lila.

Tantine Kahambu alisimama nusu, akakaa. "Yesu Maria," akasema. "Mama Masika. Ile nguo?"

"Ni nguo yangu, Tantine."

Baba mukubwa hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa inaogopesha. "Nani alikutoa kilio?"

"Hakuna. Ni mimi nilifula. Nilichoka na nyeusi."

"Mwaka haiyaisha."

"Najua."

"Kuko mwanaume?"

"Hapana."

"Sasa, juu ya nini?"

"Nilichoka tu, Baba Mukubwa."

Wakati akisema hivyo hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, juu ya vichwa vyao, macho wazi kabisa, hayapepesi. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Nilidhani ananiomba nitoke pale mlangoni niseme ukweli. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Yalikuwa yamejaa mdomoni, nilikuwa nayaonja. Na sikuyasema. Nitawaambia na jambo baya zaidi, maana nimeshaanza: mama aliposema "ni mimi nilifula," moyo wangu ulipoa. Nilifurahi. Mama yangu alikuwa anapotea mbele yangu, na mimi nilifurahi kwamba si mimi.

Hukumu haikuchukua muda mrefu. Mzee wa rozari alisema kwamba mwanamke aliyechoka na marehemu hawezi kulala katika nyumba ya marehemu. Baba mukubwa akasema, "Utarudia kwenu Beni. Mutoto ni wa kwetu." Nilingoja mama alie, ajitupe chini, agombane. Alipiga magoti, ni kweli, lakini mbele ya Tantine Kahambu.

"Mutamulinda?" akauliza.

"Eko damu yetu," tantine akajibu kwa ukali.

"Sema tena, Tantine. Sema mbele yabo bote."

Tantine akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Masika eko damu yetu. Nitamulea mimi. Hakuna mutu atamugusa."

Mama akasema asante. Nilishangaa sana: wanamfukuza, na yeye anashukuru. Jumatatu asubuhi alinisuka nywele, akafunga virago vyake viwili, akapanda gari la Beni. Hakulia hata tone. Basi nikajiambia kwamba kweli alichoka. Alichoka na nyeusi, alichoka na baba, labda na mimi pia. Uongo wake niliuchukua nikauweka mahali pa ukweli, kwa sababu ulikuwa mwepesi kubeba.

Tantine Kahambu alinilea vizuri, lazima niseme. Sikukosa uniforme, sikukosa daftari, na siku ya viazi vipya mimi ndiye niliyekula wa kwanza. Beni haiko mbali na Butembo. Gari likiwa zima na barabara ikiwa na amani, unafika kabla chakula cha mchana hakijaiva. Lakini barabara yetu haikuwa na amani kila mwaka, na hata ilipokuwa nayo, tantine alikuwa na sababu. Nilimwona mama mara chache, zinahesabika kwa vidole. Aliuza maharagwe katika soko la kule, na soko zima lilimwita Mama Masika, ingawa wengi wao hawakuwahi kumwona Masika mwenyewe. Niliposikia wateja wakimwita hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Nilipofika shule ya juu nilisoma katika kitabu kimoja kwamba huko Ulaya zamani wajane walivaa lila walipokuwa wanaanza kutoka kwenye nyeusi. Ilikuwa rangi yao ya mlangoni, si kilio tena na si furaha bado. Nilifunga kitabu kile nikakaa nacho mapajani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wiki hiyohiyo nikapanda gari kwenda Beni, nimejitayarisha kusema maneno yangu mawili.

Mama alikuwa amenipikia sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nikaanza: "Mama, ile nguo..."

"Nguo gani? Sombe inapoa."

"Mama, nisikilize. Ile siku njo mimi..."

"Masika." Aliweka samaki mwingine sahanini mwangu, mkubwa kuliko wa kwanza. "Ile maneno iliisha. Kula."

Nikaona kwamba hataki kunisamehe. Nilirudi Butembo na hiyo.

Mama alikufa mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa anapanga maharagwe yake. Tulimzika Beni. Tantine Kahambu alikuja, mzee sasa, amepanda pikipiki nyuma ya mjukuu, anatetemeka miguu yote miwili. Siku ya tatu, mchana, tulikuwa uani mimi na yeye tukichambua mchele wa wageni, na akaanza kusema bila kuniangalia.

"Masika, kuko maneno natembea nayo. Ile siku hatukukuja juu ya nguo. Nguo tuliikuta."

Nikamwuliza walikuja juu ya nini.

"Juu yako."

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele. Alisema watoto wawili wa mama walikufa na mimi nikabaki. Kisha mwalimu, mtu mzima, siku tatu. Na mimi nikabaki tena, na yale macho yangu. Watu walianza kusema. Mtu mmoja wa maombi akaota ndoto, akasema bulozi, yaani uchawi, uko ndani ya nyumba, na ni wa mtoto mdogo. Donc, basi, familia ilikata neno. Wangenichukua Jumamosi ile, wanipeleke kwenye chumba kimoja cha maombi ambako watoto walifungiwa bila kula mpaka wakiri. Nakijua chumba kile. Naijua nyumba iliyokuwa jirani nacho, na najua watoto waliotoka pale, na najua kwamba wengine hawakutoka.

"Mimi nilimutumia mama yako neno siku mbili mbele ya sisi kufika," tantine akasema. "Nilimwambia atayarishe nguo zako. Nilimwonea huruma. Kisha tukafika, tukamukuta na ile lila. Ndugu yangu akasema, ah, kumbe ni huyu, huyu njo alichoka na mume. Tukakuacha."

"Alijua?" nikauliza.

"Si njo nakuambia? Alijua." Akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mchele. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikuzaa, Masika. Nilielewa nikiwa nimeshazeeka."

Nilimalizia mchele wangu. Sikuweza kumchukia, ndiye aliyenilea, na neno lake alilolisema mbele ya wote alilishika. Nilichoweza kufanya ni kurudi pale mlangoni na sinia yangu, na kuangalia tena. Kitenge cheusi kilikuwepo, kikavu, kimepigwa pasi. Alikipita akaenda kufungua sanduku. Kosa langu, ambalo lingekuwa ushahidi juu yangu, alilivaa mwilini mwake ili liwe lake. Aliwapa wazee wale kosa wanalolijua, lenye adhabu wanayoijua, wasitafute jingine.

Na yale macho. Miaka ishirini na miwili nimeungama ukimya ule, kwa mapadri wanne tofauti, nikisema kwamba mama yangu aliniomba niseme na mimi nikanyamaza. Hakuwa ananiomba niseme. Alikuwa ananishika mdomo kutoka ng'ambo ya chumba. Aliogopa wema wangu. Wazee wote watatu alikuwa ameshawashinda. Kilichobaki cha kuharibu kazi yake kilikuwa mtoto mmoja mlangoni, akipata ujasiri wa kusema maneno mawili. Sikuwahi kufikiri nitayaandika haya, lakini namshukuru Mungu kwamba siku ile nilikuwa mwoga.

Mama sikumshukuru. Siku ile ya samaki nilikuwa na hasira, nilitaka kumwumiza kidogo kwa kunikatalia msamaha. Nilionja, nikasukuma sahani, nikamwambia ameweka chumvi nyingi.